Picha ya Harusi Juu ya Kitambaa

Pasua, Moshi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na Baba, bado anabishana na daktari kuhusu ile miwani? Mvua zimefika huko Mbinga, au mnatazama mawingu yakipita tu? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Neema amepona surua na sasa anakula mpaka tunaogopa. Mkwe wako Aloyce anakusalimu sana, amesisitiza niandike hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Mama, nina habari nzuri, na nimeshindwa kungoja mpaka tuonane.

Unajua hali ya cherehani yangu. Tangu mitumba ijae sokoni, watu hawaji tena kushona magauni. Nimekuwa mtu wa kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Na kahawa ya wakwe zangu kule Uru, bei yake ni hiyo hiyo inayowaliza na nyinyi. Katikati ya hali hiyo ikatangazwa jubilei: baba mkwe na mama mkwe wametimiza miaka hamsini ya ndoa, kutakuwa na misa, na kila mtoto atatoa zawadi mbele ya watu. Shemeji mkubwa wa Dar akasema analeta seti ya makochi. Wifi Yustina, yule aliyeolewa Masama, akasema wao wanaleta mtamba wa maziwa. Kisha akanigeukia.

"Na nyie wa Pasua?"

"Tutaona, wifi."

"Msije tu mikono mitupu, watu wakasema mke wa Kusini hajui mila."

Hilo jina, Mama. Tangu niolewe mimi ni "yule wa Kusini". Hata mama mkwe hunitambulisha hivyo kwa wageni. Hana ubaya, lakini linachoma.

Sasa sikiliza. Rafiki yake Aloyce huongoza wageni mlimani. Mgeni mmoja, mama mpenda kushona, alipoondoka alimwachia pakiti ya karatasi za ajabu: juu ni kitambaa cheupe cha pamba, nyuma kuna gundi iliyofunikwa na karatasi laini. Unaipitisha kwenye printa, picha inatokea kwenye kitambaa, halafu unabandua karatasi ya nyuma na kukibandika unapotaka. Huyo rafiki hakujua aifanyie nini, akaniletea mimi fundi. Printa tunayo. Aloyce alipewa ikiwa mbovu kwenye ofisi moja anakotengeneza mitambo, akaifufua, na imekaa mezani na kompyuta yetu kuukuu.

Mama mkwe ana picha moja tu ya harusi yao, nyeusi na nyeupe, anaiweka ndani ya kitabu cha sala. Nikapanda Uru kuiomba. Alikikumbatia kile kitabu.

"Ikipotea, sina nyingine."

"Haitapotea, Mama. Nataka kuwatengenezea kumbukumbu."

Akanipa, lakini alinisindikiza mpaka barabarani, macho yote kwenye mkoba wangu.

Kwenye duka la picha wakaihamishia kwenye diski pamoja na picha za wajukuu. Za wajukuu zikatoka vizuri mno. Ya harusi nikaiacha mwisho, na karatasi ikabaki moja. Printa ikaivuta, ikafika usoni kwa bibi harusi, umeme ukakatika! Uliporudi, mashine ikaimeza na kuikunjakunja, gundi ikanata ndani. Aloyce alishinda akiifungua na kuisugua kwa spiriti. Mimi nililia, Mama, sikufichi.

Pakiti nyingine Moshi haipatikani. Nilizunguka maduka hadi wakanichoka. Halafu siku moja natengeneza kola ya shati la mwalimu jirani, nikashika kile kitambaa kigumu chenye gundi tunachopiga pasi ndani ya kola. Mikono ikasimama. Nikachukua shuka jeupe la pamba, nikalifua, nikalipiga pasi juu ya kile kitambaa hadi vikashikana, vikawa vigumu kama bahasha. Nikakata kipande sawa na karatasi, nikanyoa nyuzi zote za pembeni.

"Ikikwama tena, printa ndiyo basi," Aloyce akasema.

"Washa," nikamwambia.

Ikapita! Polepole ikatokea shela, paji la uso, macho, kisha baba mkwe na tai yake imepinda. Aloyce alininyanyua juu kama mtoto, Neema akashangilia bila kujua anashangilia nini.

Wajukuu nikawabandika kwa gundi yao na kuwazungushia mshono. Maharusi nikawashona katikati ya kitambaa kikubwa cha rangi ya kahawa, na pembeni nikaweka majani ya migomba ya vitenge.

Siku ikafika. Baada ya misa, chini ya turubai, makochi yakashushwa, makofi. Mtamba akaletwa amefungwa utepe, vigelegele. Sisi tukaitwa mwisho. Nikamsikia Wifi Yustina, "Kumbe kifurushi tu." Mimi na Aloyce tukashika ncha, tukakunjua.

Baba mkwe akaweka chini kata yake ya mbege, ile pombe yao ya ndizi, akasimama. "Huyu kijana ni nani?" akauliza, kisha akacheka mwenyewe hadi akakohoa. Mama mkwe akaja karibu kabisa, akapitisha kidole kwenye shela.

"Hii niliazima," akasema. "Asubuhi ile mvua ilinyesha, nikaificha ndani ya khanga isilowe."

Watoto wake hawakuwahi kusikia hayo. Akaanza kuwasimulia pale pale, watu wakaacha supu yao ya mtori ipoe wakamsogelea. Paroko akauliza kazi ile ni ya nani. Mama mkwe akanishika mkono, akavuta kipaza sauti.

"Ni ya mwanangu huyu. Felista."

Mwanangu, Mama! Uwanja mzima ulisikia.

Jioni Wifi Yustina alinifuata jikoni. "Wifi, nina picha ya kipaimara cha kijana wangu..." Nikacheka, nikamwambia ailete. Tangu hapo watu wanabisha hodi na picha zao, wengine wametoka mbali. Akina mama wa kwaya wameagiza bendera yao. Nimepata wenzangu wawili wa kukata na kupiga pasi, na cherehani haipati nafasi ya kupoa.

Mpe Baba shikamoo yangu. Nisalimie mdogo wangu Fredi, shangazi anayewauzia maandazi wanafunzi, na bibi, mwambie bado namwombea. Na wewe, Mama, ukienda kisimani wakikuuliza mwanao anafanya nini Moshi, wajibu kwa sauti: anashona nyuso za watu, na wenyewe wanajitambua.

Ni mimi mwanao mwenye furaha,
Felista