Tairi za Rahisi na Mteremko wa Mnarani

Baba Zuhura, mume wangu,

Mwenyezi Mungu akupe makao mema. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, wajukuu wanakua, na ule ukuta wa uani uliokuwa ukiutilia wasiwasi bado umesimama. Nimeona nikuandikie kwa sababu kuna jambo sikukwambia miaka yote tuliyoishi pamoja. Kulisema peke yangu chumbani kunanifanya nijione mwehu. Kwa kalamu ni afadhali.

Unakumbuka ilivyokuja ile pikipiki? Yule Mjerumani aliyekuwa meneja wa hoteli kule Watamu alikuwa anarudi kwao. Wewe ndiye uliyemtengenezea mafriji yake tangu alipofika, akakuuzia wewe kabla hajamwambia mtu mwingine. Uliileta nyumbani Ijumaa baada ya sala, ikajaza kichochoro chote. Haikufanana na pikipiki tulizozoea Malindi, zile nyembamba za mabwana shamba. Hii ilikuwa ya masafa marefu: injini pana, kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti cha nyuma chenye mto ambacho nilikwambia kinashinda kochi letu. Mama yako alitoka, akaizunguka mara mbili, akauliza kama mgeni huyu naye tutampikia chakula sisi.

Nilikuwa na haya mwanzoni. Halafu nikajifunza kulikunja buibui na kulikalia lisiende kuingia kwenye nyororo, nikajifunza kuinama unapoinama. Zuhura ulimkalisha mbele yako juu ya tangi la mafuta, kati ya mikono yako, akishika kioo kama kwamba yeye ndiye dereva. Tulipita Gede na ule msitu tukiwa watatu, na sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Tairi alizotuachia Mjerumani zilikwisha kabla ya mwaka kwisha. Saizi yake haikupatikana Malindi, na zile nzuri ilibidi ziagizwe Nairobi, nazo bei yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Ukaenda Mombasa ukarudi na tairi mbili za rahisi, zenye jina ambalo hata wewe hukuweza kulisoma. Ulizifunga mwenyewe pale barazani, mikono imejaa sabuni, ukaniita nizitazame. Zilikuwa nyeusi na zinang'aa, kashata zake, ile mikato ya juu ya mpira, nzuri kama nakshi za mlango. Ukanambia tairi ni tairi, zote ni mpira na upepo, tofauti ni maandishi tu.

Kwa muda nilikuamini. Zilikuwa ngumu, haziliki. Mwalimu Karisa, rafiki yako aliyekuwa akifundisha Ganze, naye alikuwa nazo kwenye pikipiki yake na alizisifu sana. Alisema ameshapita nazo juu ya mawe na miiba mwaka mzima bila pancha hata moja. Jumamosi mlipokutana kwetu kwa kahawa mlizungumza tairi tu, mpaka nikawa nazijua kama ninavyozijua aina za mchele. Wewe ulikiri kwamba ukipita mwendo wa themanini usukani unatetemeka, na kwamba tairi ya mbele inapenda kufuata nyufa za lami badala ya kukufuata wewe. Ulikiri huku unacheka, kama mtu anayesimulia ukorofi wa mtoto anayempenda.

Aliyekuwa hacheki ni Mutua. Alikuwa fundi wa umeme hotelini, Mkamba mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Naye alikuwa na pikipiki kubwa kama yako, na alizijaribu tairi zile zile kabla yako. Mvua ilimkuta kwenye kona ya Gede, tairi ya nyuma ikamtoka, akaburuzika mpaka kwenye majani. Alizivua siku ile ile. Alikueleza, ukamwambia yeye anaendesha kama anayefukuzwa. Siku moja ulipoingia ndani kuchukua sukari, akanigeukia.

"Shemeji," akasema, "mpira ule ni mgumu, haushiki maji. Juani hauna neno. Mvua ikinyesha, mwambie asikupakie wewe na mtoto."

Nilikwambia usiku ule ule. Ulinijibu kwamba Mutua ni mtu wa hofu. Nami sikuendelea, kwa sababu nilipenda kupakiwa. Hilo pia nalikiri.

Basi tufike Takaungu. Ilikuwa masika. Tulikwenda kumtazama dada yangu aliyejifungua, na asubuhi ile jua lilikuwa limewaka vizuri. Nilikuomba tuondoke mara baada ya adhuhuri, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa bahari. Ukasema sawa. Halafu shemeji yako, mume wa dada, akauliza habari za pikipiki, na wewe ukaanza. Mlichuchumaa pale nje, unamwonyesha kashata kwa kidole, unamweleza habari ya mpira mgumu na mpira laini. Nilikuita mara ya kwanza, nikakuita mara ya pili. Mara ya tatu sikukuita tena. Nilimvisha Zuhura sweta, nikakaa kizingitini nikatazama mvua inavyoanza.

Tulipanda tukiwa tumelowa, na mpaka Mnarani sikukusemesha neno. Uliniuliza kama nimekaa vizuri. Nikageuza uso.

Wakati ule daraja la Kilifi lilikuwa bado, tukivuka kwa feri. Unaujua ule mteremko wa Mnarani wa kuingilia: saruji iliyochakaa, matope ya magari, mafuta yaliyomwagika, na chini kabisa ule mlango wa chuma wa feri uliolazwa juu ya saruji, umelowa chapachapa. Abiria walitakiwa washuke watembee kwa miguu. Nilishuka. Zuhura akakataa. Alikuwa na miaka mitano, mvua anaiona ni mchezo, akakishika kile kioo kwa mikono miwili akalia kwamba anataka kuingia ferini na baba.

Ulinitazama ukasema, "Mwache, nitamshika. Ni hapo tu."

Nikasema, "Atatembea na mimi."

Nilimbandua vidole kimoja kimoja. Alipiga mayowe mpaka watu wakageuka. Ulitikisa kichwa, ukawasha, ukaanza kushuka polepole, miguu yote miwili ukiigusisha chini.

Nilikuwa nyuma yako hatua kumi hivi. Niliona tairi ya mbele ikipanda chuma vizuri. Kisha ya nyuma ikakigusa, nayo ikaenda pembeni kana kwamba kuna mtu ameipiga teke. Hukuwa na mwendo wowote. Pikipiki ililala na wewe, ikateleza juu ya chuma kile ikielekea ukingoni, mahali palipokuwa na uwazi wa maji kati ya feri na ukuta, na iliposimama ilisimama kwa sababu tangi liligonga nguzo ya vyuma vya ukingo wa feri. Mabaharia wa feri walikuwa wameshaifikia. Walikuwa wanne, wakainyanyua, wakakutoa mguu. Ekzosi ilikuwa imekuunguza shavu la mguu, suruali imeshikana na ngozi. Ulisimama ukasema huna kitu.

Halafu ukaliona tangi. Lilikuwa limebonyea ndani, bonde la kuingia kichwa cha mtoto, pale pale Zuhura alipozoea kukaa.

Ulimtazama yeye, ukanitazama mimi. Zuhura alikuwa amenishika buibui. Ukaja ukapiga magoti kwenye ule ulowevu mbele ya watu wote, ukamkumbatia. Feri ilivuka na wewe umekaa kwenye sakafu ya chuma, mtoto mapajani. Tulipokaribia upande wa Kilifi ndipo ukanambia, "Mama Zuhura, ningemkubalia. Nilikuwa nishamkubalia."

Tuliiacha pikipiki kwa fundi mmoja pale Kilifi tukarudi nyumbani kwa basi. Mutua alikuja kesho yake. Aliutazama mguu wako, hakusema kwamba alikwambia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema tu atakuandikia jina la duka la Nairobi. Miezi mitatu ulikwenda hotelini kwa baiskeli, na vyombo vyako vya kazi kwenye kikapu, afadhali hivyo kuliko kuzipanda tena tairi zile. Ziliishia kwa Mwalimu Karisa, akaenda kuzifunga huko Ganze kwenye vumbi na ukame, kwenye njia ambazo hakuna anayekwenda mbio, nazo zikamtumikia vizuri bila kisa. Ulisema hazikuwa mbaya, ila wewe ndiwe uliyezipa kazi isiyo yao.

Tairi mpya zilipofika ulifanya jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Ulingoja mvua. Ilipokuja ukanichukua tukaenda wawili mpaka Kilifi kwa basi, ukaichukua pikipiki kwa fundi, imeshafungwa tairi mpya, tukavuka, ukaniweka kando ya mteremko wa Mnarani na mwavuli. Ukashuka mpaka kwenye chuma, ukapanda. Ukashuka tena. Mara nne. Mabaharia wakadhani umepoteza kitu. Tairi zilikuwa zinakishika kile chuma kilicholowa kama mkono unavyoshika mkono. Uliporudi mara ya nne ukavua helmeti, uso umelowa, ukaniuliza, "Utapanda?" Nikapanda. Nililikunja buibui nikalikalia, nikakuegemea mgongoni kama zamani.

Sasa hilo nililokuwa silisemi.

Miaka yote baada ya hapo ulinisifu. Arusi zikiwako, Idi zikija, mgeni akiuliza habari ya lile kovu la mguuni, ulikisimulia kisa chote na kukimalizia kwangu. Mke wangu ana hisia, ulikuwa ukisema. Mke wangu aliiona ajali kabla haijaja, akamtoa mtoto. Nami nilikuwa nikitazama chini, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Sikuona chochote, Baba Zuhura. Sikuwaza mvua, sikuwaza tairi, wala maneno ya Mutua hayakunijia. Nilikuwa nimekukasirikia. Ulikuwa umenikalisha kizingitini kwa ajili ya mazungumzo ya mpira, na ulipotaka mtoto akae nawe nilitaka kukunyima. Basi. Ungekuwa umeniudhi pungufu kidogo tu ya vile, ningemwacha. Nimelala na jambo hilo miaka mingi. Nilikuwa nikimtazama Zuhura anasoma, anaolewa, ananyonyesha, na moyoni nasema yuko hai kwa sababu mama yake alinuna.

Nilitaka kukwambia ulipokuwa mgonjwa. Lakini zile siku zilikuwa za utulivu, nikaona nisizichafue. Ulituaga baada ya Alasiri, kwenye kitanda chako, kichwa kwenye mto wangu, umeshaniomba nifungue dirisha. Nilikuwa nimeiogopa barabara tangu siku ile ya feri, nikisikiliza kila machweo kama injini yako imefika kichochoroni, na mwishowe haikukuchukua. Hata katika kilio nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Wiki iliyopita Zuhura alikuja kututembelea. Tulikuwa tunachambua mchele, akawasimulia wanawe kile kisa chako, na alipofika kwenye sifa zangu nikashindwa. Nikamwambia ukweli wote mbele ya watoto. Nilingoja anitazame vibaya. Alicheka, Baba Zuhura, mpaka sinia la mchele likamwinamia.

"Mama, baba alijua," akanambia. "Alinieleza wiki ile ninaolewa. Alisema siku ile ulikuwa umenuna tangu Takaungu, hata kumtazama humtazami. Nikamuuliza mbona basi anawaambia watu ulihisi ajali. Akasema, 'Ulitaka niwaambie wageni kwamba nilimwudhi mke wangu?'"

Niliingia ndani nikafunga mlango. Nililia kidogo, kisha nikajikuta nacheka peke yangu na kanga mdomoni watoto wasisikie. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunafichana jambo moja, kila mtu akimsitiri mwenziwe.

Leo nimeamka mwepesi. Nimepika maandazi, nimefua, nimemtumia Mutua salamu. Nilikuwa nimekukasirikia kweli siku ile, na sasa najua huna kinyongo. Lala salama, mpenzi wangu. Zuhura na wanawe wanakuombea kila Ijumaa, nami kila siku.

Mkeo uliyemnunisha,
Mama Zuhura