Wiki ya Majaribio kwa Mama Eyotaru

Jumapili, 3 Oktoba 1993
Nimefika Pajulu. Godoro, jiko la mkaa, jerikeni, vitabu saba – vyote juu ya baiskeli moja kutoka mjini Arua. Chuo cha ualimu hakina bweni la sisi wenye digrii. Kila mtu ajitafutie, na Jumamosi alete barua ya mwenye nyumba, la sivyo jina linafutwa. Baba mdogo Sebit kule Koboko ameshasema: ukikosa nyumba, rudi uuze dukani. Duka sitaki. Nataka kufundisha.

Mwenye nyumba ni Mama Eyotaru, mjane, anauza muhogo mkavu sokoni. Bado hajakubali. “Kaa wiki moja kwanza. Ijumaa shemeji zangu nakuja kuona wewe. Halafu tutaandika barua.”

Chumba changu ni kibanda cha nyasi, cha duara, kinanukia moshi wa zamani. Nimekipenda mara moja.

Jumatatu, 4 Oktoba
Maji chemchemini alfajiri. Nusu saa kwa miguu hadi chuoni. Saikolojia ya elimu – nilisinzia.

Nyuma ya kibanda, chini ya mparachichi, nimegundua kibaraza cha saruji, laini, baridi. Mama Eyotaru hurudi jioni, kwa hiyo mchana wote ni wangu. Nikaweka begi upande mmoja, nikalala chali, kitabu kifuani. Mawingu yanatoka Zaire polepole. Nikajiona mbele ya darasa, chaki mkononi, wasichana arobaini wananitazama. Sikumbuki nilisoma nini.

Jumatano, 6 Oktoba
Kibarazani tena, kama jana. Manyunyu, sikuondoka. Raha tupu.

Alhamisi, 7 Oktoba
Adriko, mwenzangu darasani, mzaliwa wa hapa, alikuja kuazima noti za darasani, akanikuta kibarazani. Akasimama mbali, hakutaka kukaa.

“Afisa,” ndivyo anavyonitania, “wewe iko nakaa juu ya muzee ya nyumba.”

Kisha akasogea, akainua begi langu pale ninapoliweka kila siku. Chini yake jina la marehemu, na mwaka: 1986.

Kwetu Waislamu wa Koboko kaburi ni udongo tu na jiwe kichwani. Saruji ningeijuaje? Na kukaa juu ya kaburi kwetu ni dhambi. Siku nne nimejinyoosha juu ya mume wa mtu!

Adriko anasema ninyamaze mpaka barua itiwe sahihi. Nitanyamazaje, na chai ya mjane wake nakunywa kila jioni? Nimemwambia Mama Eyotaru yote. Akaendelea kuchagua maharage. Kisha akasema kesho atawaambia shemeji zake. Nimeanza kufungasha vitabu. Naogopa sana.

Ijumaa, 8 Oktoba
Shemeji wawili wamefika. Nimekaa mlangoni pangu, naandika. Mkubwa, Silvester, anasema mgeni aliyelala juu ya kaka yao aondoke leo. Mdogo anasema mgeni hakujua, na amesema mwenyewe. Barua iko mezani, kalamu juu yake.

Mama Eyotaru ameshika ufagio. Amefagia saruji, ameweka kigoda pembeni. Ananiita, nije na kitabu.

– Nimerudi. Aliniambia: “Siku nne wewe nasoma kimya. Leo muzee asikie.” Nimekaa kigodani, nimesoma ukurasa mzima wa saikolojia, maneno magumu yote, na Silvester hakunikataza. Sasa wanakunywa chai. Barua bado haina sahihi.

Mama Eyotaru ananiita tena. Niendelee, anasema, ila nipaze sauti – muzee alikuwa hasikii vizuri.