Wamekuzika na Gauni Jeupe

Goreti shoga yangu,

Wamekuzika na gauni jeupe. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa wengine, ingawa sijui huko uliko nani anapeleka umbea. Jeupe pe, mikono mirefu, na glavu za wavu juu. Mikono yako ile iliyobabuka kwa jiki, kwa kufua shuka za wazee wa watu, wakaificha. Nilisimama kanisani pale Mount Druitt, huku ughaibuni, mbele ya jeneza lako nikatamani kukuvua kwa mkono wangu.

Na ulisema! Hospitalini ulimshika mkono kaka yako Deo, mimi nimekaa upande wa pili, ukamwambia: "Musinivalishe nyeupe. Gauni yangu ya njano iko mu kabati." Akaitikia kwa kichwa. Leo anasema yalikuwa maneno ya mgonjwa. Kina mama wa kanisa walimwambia kwamba mwanamke ambaye hakuolewa aende kaburini kama bibi harusi wa Bwana, basi, akasahau masikio yake yalisikia nini. Nilipolalamika akanijibu, "Dada Mwanaidi, ninyi Waislamu si munazikaka na nyeupe? Sasa makelele ya nini?"

Nikakosa jibu. Mimi, na mdomo wote huu! Majibu yalikuja nikiwa njiani kurudi nyumbani. Ningemwambia sanda kwetu anavaa tajiri na maskini, hakuna anayeulizwa. Wewe uliulizwa, ukajibu.

Unakumbuka darasa letu la Kiingereza Parramatta, na ile riwaya ya zamani ya Kimarekani iliyotutoa jasho? Mwalimu aliuliza kwa nini bibi tajiri wa mle ndani amevikwa nyeupe kila anapotokea. Darasa zima tukasema usafi, tukasema malaika. Wewe, kwa Kiingereza chako cha kuokoteza, ukasema anayevaa nyeupe kila siku ana mtu wa kumfulia. Mwalimu akaandika ubaoni. Mimi nikakubishia kwenye treni mpaka Blacktown, nikikutajia kanzu za Ijumaa za baba yangu kule Tanga. Ukaniuliza nani alikuwa akizifua. Mama. Nikakununia mpaka St Marys.

Mwalimu alisema kitabuni humo njano ni dhahabu ya uongo. Ukasema hiyo ni shida ya mwandishi, wewe njano inakupendeza. Ilikupendeza kweli. Gauni lile lilikuwa la kwanza wewe kununua dukani, likiwa na lebo yake, baada ya utoto mzima wa nguo za msaada kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma.

Unajua liko wapi sasa? Deo amelitupa kwenye sanduku la nguo za msaada karibu na stesheni. Nguo yako moja uliyoichagua, nayo imegeuka msaada. Nilipoambiwa nililia barabarani kwa hasira, watu wakinipita. Binti yangu Zuhura ananiambia, "Mum, let it go." Siachi. Na aache yeye, aliyezaliwa na kabati lililojaa.

Jumamosi wanaanua matanga yako. Tangazo limeletwa kwenye simu: kila mtu aje na nguo nyeupe, kwa heshima ya marehemu. Heshima! Nimelisoma nikacheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya.

Nakuahidi, nitakwenda na njano kuanzia mtandio hadi viatu. Nitakaa mstari wa mbele, ubavuni kwa Deo, na sitaondoka mpaka sala iishe na chakula kiliwe. Akiniuliza, safari hii jibu sitalitafuta njiani. Nitamwambia mbele ya kina mama wote kwamba dada yake alikuwa na akili timamu na alisema, na tulisikia wawili.

Kwaheri, Goreti. Watu wanaandika "lala salama" chini ya picha yako. Mimi siwezi kuandika hivyo. Umelazwa na nguo uliyoikataa, na nilikuwepo wakifunga jeneza.

Mwanaidi