Nilikuwa Dirishani Mvua Ikinyesha

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika sasa hivi na mtaa wetu wote wa Free Area unanukia udongo.

Leo nimelipiza kisasi. Nimekilipiza nikiwa nimeketi, nyayo sakafuni, mikono kwenye mapaja, vile nesi wa kliniki alivyonifundisha.

Nesi alisema presha yangu inapanda kwa sababu naweka vitu moyoni. Nivute pumzi nikihesabu hadi nne, niishikilie kidogo, niiachilie polepole. Nikaze mabega hadi masikioni, kisha niyaachilie. Ninywe chai bila kushika simu. Wiki nzima nimefanya yote hayo, na kila nikifumba macho namwona Mama Klevin.

Mama Klevin ni jirani yangu, mlango wa tatu. Hapa ploti, kwenye nyumba zetu za kupanga, tuna kamba za nguo za pamoja na sheria moja: mawingu yakishuka kutoka mlima Menengai, aliyepo anapiga kelele "Mvua!" na kuwaanulia walio nje. Aliye ndani anajianulia mwenyewe, maana hakuna anayetaka chupi zake zishikwe bure.

Alhamisi ya wiki jana nilikuwa sokoni. Mama Klevin alimwanulia kila mtu. Zangu akaziacha.

Pale kambani palikuwa na sketi nyeusi na blauzi nyeupe, za intavyuu ya asubuhi iliyofuata, kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini. Nilizipiga pasi zikiwa mbichi, nikaenda, nikakaa mbele ya watu watatu nikinuka uvundo. Mmoja alifungua dirisha. Kazi sikupata.

Sikumuuliza kwa nini. Nilijua ni kwa sababu ya wale kuku wake niliowalalamikia. Mimi siulizi, mimi huweka.

Leo saa nane mbingu ikawa nyeusi. Yeye alikuwa ameenda kusukwa, kwa sababu kesho kanisani anasimikwa mwenyekiti wa kina mama. Gauni lake la buluu na kitambaa cheupe vilikuwa kambani. Nikaanua nguo za watu wote, hata nikazikunja vizuri. Zake sikuzigusa.

Kisha nikavuta kiti dirishani, nikamimina chai, simu nikaiweka chini ya mto. Moja, mbili, tatu, nne. Matone yakaanza. Mabega yalishuka yenyewe, hata sikuyakaza. Gauni lilivyozidi kulowa ndivyo nilivyozidi kupumua vizuri, na chai ilikuwa tamu ajabu.

Nakiri, nilicheka.

Aliporudi hakutukana mtu. Alikuja mlangoni kwangu amebeba gauni likichuruzika, nywele mpya zimefunikwa leso.

"Mama Shiro, kumbe hata wewe hukuwepo? Aki leo nimelipwa. Siku ile ya nguo zako nilisikia redio inalia, nikajua uko ndani, utatoka uanue. Nimetaka kukuambia pole wiki yote, lakini ulikuwa umenuna, nikaogopa."

Redio.

Ile ninayoiacha ikilia kila nikitoka, ili wezi wadhani kuna mtu.

Nilimjibu, "Ni sawa tu," nikafunga mlango. Hata hilo la kwamba sikuwepo sikulikanusha. Nikarudi kwenye kiti nijaribu tena zoezi la nesi. Pumzi ilikwama kwenye tatu. Wiki nzima nimembeba moyoni mtu ambaye hakunifanyia kitu, na leo nimemfanyia mimi, kwa makusudi, nikinywa chai.

Kanisa ni saa tatu asubuhi. Yeye hana pasi. Mimi ninayo, na ninajua gauni zito kama lile litachukua muda.

Kumpelekea pasi bila kusema kitu ni rahisi. Angenishukuru, angeniita jirani mwema, na mimi ningeweka hilo nalo moyoni pamoja na mengine.

Nimezima redio. Pasi nimeizungushia waya wake. Nitavuta pumzi moja tu, nihesabu hadi nne, kisha nibishe mlango wa tatu nimwambie nilikuwa dirishani.