Breki za Ng'ombe wa Mama

Jumamosi, jioni. Mvua ilianza mchana na bado inadondoka kwenye mabati. Mikono imechoka, mabega yamechoka, lakini moyo umetulia, na nimeona niandike kabla sijasahau jinsi nilivyoogopa.

Leo tumemhamisha Mama.

Kwa mnaosoma hapa mara ya kwanza: mama yangu ni Msamia wa Masafu, mjane, magoti yamemkataa, na tangu Baba afariki amekuwa akiishi peke yake na ng'ombe mmoja aitwaye Nafula. Kaka yangu Wandera alinunua kiwanja Mella, upande wa Tororo, akamjengea nyumba yenye bomba la maji hapo hapo uani. Mama akakataa. Si kwamba nyumba haikumpendeza. Alisema hatoki bila Nafula, na Nafula hapandi lori la mtu. Ng'ombe aliyekuwepo kabla ya huyu alipakiwa kwenye lori la kukodi, dereva akafunga breki ghafla mteremkoni, mguu ukavunjika. Tulikula ile nyama huku Mama akilia jikoni. Sasa Nafula ana mimba. "Akianguka huyu," Mama aliniambia, "narudi kwangu, na mtu asinifuate." Mama huwa hatishii. Anatangaza.

Hapo ndipo mume wangu, Baba Achieng, alipoingiwa na wazimu wa trela.

Yeye ni Mpadhola wa Mulanda na ana karakana ya kuchomelea vyuma hapa Busia. Alipata trela ya mtumba ya kubebea mifugo, imetoka ng'ambo na breki zake za umeme. Trela tulizozizoea huku hazina breki. Gari likisimama, trela inataka kuendelea na safari. Hii ina sumaku ndani ya magurudumu. Ukikanyaga breki ya gari, umeme unapita, sumaku zinavuta, na trela inajizuia yenyewe. Aliponieleza hayo macho yalimng'aa kama enzi zile anakuja kwetu kuposa. Nakiri niliona wivu kidogo.

Shida ni kwamba pikapu yetu haikuwa na chochote cha kuziamrisha breki hizo. Fundi wa kwanza aliunganisha waya wa breki za trela moja kwa moja na waya wa taa za breki. Zikafanya kazi, tena kupita kiasi. Tulisimamisha magunia ya mahindi ndani ya trela yawe ng'ombe wa majaribio. Baba Achieng akagusa breki tu, magurudumu ya trela yakakaza kabisa, magunia yote yakalala kifudifudi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa anamwona Nafula.

Akaagiza kisanduku cha kudhibiti breki kutoka Nairobi, akakifunga chini ya dashibodi, kushoto kwa usukani. Waya mmoja unatoka kwenye betri kupitia fyuzi, mwingine umefungwa kwenye chuma cha bodi, wa tatu unatoka kwenye swichi ya kanyagio la breki, na wa nne unakwenda nyuma hadi kwenye plagi ya trela. Kuna kitufe cha kuzungusha, cha kuamua trela ijizuie kwa nguvu kiasi gani. Pembeni kuna kiswichi cha kusukuma kwa kidole, kinachofunga breki za trela peke yake. Jioni baada ya jioni alikuwa kwenye barabara ya vumbi nyuma ya soko, anaongeza kidogo, anapunguza kidogo, mpaka magunia yakasimama wima. Siku hiyo alirudi nyumbani na kilo mbili za nyama, anapiga mluzi.

Nampenda mtu huyu. Sijui kama nimewahi kuliandika hapa waziwazi.

Asubuhi ya leo kila kitu kilikuwa tayari huko Masafu, isipokuwa jambo moja ambalo Msamia yeyote angelikumbuka hata usingizini. Pikapu yetu ina kiti cha mbele tu, cha watu wawili. Na kwetu mama mkwe hakai bega kwa bega na mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Wala si chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Basi Baba Achieng alisimama upande huu na funguo, Mama upande ule na kikapu chake, kila mmoja anatazama kwake, wote wawili wananisubiri mimi. Wiki zote zile tulikuwa tumemfikiria ng'ombe tu!

Dereva nikawa mimi.

Leseni ninayo, na pikapu hiyo naendesha kwenda sokoni. Lakini sijawahi kuvuta hata mkokoteni.

Baba Achieng alinipa somo akiwa dirishani. "Mama Achieng, trela ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari. Shika usukani sawa, halafu sukuma hiki kiswichi, kidogo kidogo, trela ijivute yenyewe." Mama alikuwa anatazama migomba, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, kama mtu asiyesikia chochote.

Tukiwa peke yetu Mama huongea Kisamia. Mkwe wake akiwa karibu, ananigeukia mimi na kuongea Kiswahili cha soko la mpakani, ili ujumbe ufike bila kutumwa. "Wewe mwambie mwenye gari, hii kamba iko fupi sana. Ngombe yangu inataka kuona njia." Baba Achieng alikuwa amemfunga Nafula mbele kabisa kwa makusudi, kwa sababu uzito ukihamia nyuma trela hupoteza adabu. Nani abishane na mama mkwe? Akailegeza kamba, akapanda nyuma ya pikapu pamoja na godoro na kuku.

Mpaka Busia tulikwenda polepole kama msafara wa bibi harusi. Tulipoishika barabara ya Tororo, mvua ikaanza. Kwenye mteremko lori likatupita kwa kishindo, Nafula akashtuka, akarudi nyuma kwa kadiri kamba ilivyomruhusu. Nikaona kwenye kioo trela inakwenda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu. Baba Achieng akawa anagonga paa la gari kwa kiganja. Nilijua la kufanya, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeganda kwenye usukani, na mguu ulikuwa unakwenda kwenye breki.

Ndipo mkono wa Mama ukapita chini ya kiwiko changu, ukakikuta kile kiswichi, ukakisukuma taratibu, kama anavyobonyeza parachichi sokoni.

Trela ikajivuta. Ikanyooka.

"Kidogo kidogo," alisema Mama, kwa Kiswahili, macho yake mbele.

Niliegesha pembeni. Baba Achieng aliruka chini, akamkuta Nafula amesimama, amelowa, amekasirika, mzima. Akamvuta mbele na kumfunga kamba fupi. Mama aligeuka kutazama upande wa pili wa barabara, akaiacha kamba ibaki fupi. Safari ikaendelea, mume wangu nyuma kwenye mvua na gunia kichwani, mpaka Mella.

Nafula alishuka kwa miguu yake mwenyewe. Mama akaweka kiganja ubavuni mwake na kukiacha hapo muda mrefu, mpaka uso wake wote ukalainika. Ndama alikuwa amepiga teke. Wandera alikuwa mlangoni ameshika mwavuli, anamkaribisha Mama ndani aone nyumba yake. Mama hakwenda. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hapo hapo zizini, akamtazama Nafula, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe mwambie mwanangu huyu amelowa, aingie kwanza, aote moto. Mimi nakaa hapa mpaka amalize."

Mwanangu. Na nyumba yake mpya, ambayo hajaikanyaga, akamwachia mkwe wake aitangulie, ili wasikutane ndani.

Sikufikisha ujumbe wowote. Baba Achieng alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anajifuta uso kwa mkono, tena na tena, akidai mvua ya Mella ni kali.

Sasa yuko hapa kando yangu, amejifunika blanketi, anapiga chafya na kutabasamu peke yake. Nimempa chai ya tangawizi. Sina ombi kubwa. Kesho jua litoke tu, tuanike nguo zake.