Taa Zisizo na Pua

Edgware Road, London
4 Machi 2024

Shoga yangu Pramila,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya. Mimi sijambo, ila macho. Nilikuja kwa binti yangu mwezi wa kumi na mbili nitibiwe presha ya macho, nakaa naye hapa ghorofa ya tano, juu ya mkahawa wa Waarabu wanaovuta shisha mchana kutwa. Ni mimi Jokha, binti wa mzee mwamba ngoma wa Ngamiani, Tanga. Usijifanye umenisahau, tulikaa dawati moja miaka sita.

Juzi tumepita kwenye duka la mapambo. Dirishani kuna taa ya ngozi ya mbuzi, imechorwa kwa mkono, nyekundu na kijani, imetobolewa matundu madogo kama ya sindano na balbu inawaka ndani. Mtindo ni ule wa vikaragosi vya kivuli vya babu yenu wa India, ambavyo kaka yako Kanti alikuwa akituonyesha ukutani kwa kandili. Kwenye ngozi yumo mwanamke ameshika kasuku. Pramila, yule ni mimi. Kidoti changu cha shavuni, mwanya wangu, hata vile ninavyopandisha unyusi mmoja. Lakini hana pua. Pua imekatwa, na mwanga unatoka pale mweupe, mkali, hadi nikageuza uso.

Chini ya taa kuna kikaratasi chenye jina lako na anwani ya Rayners Lane. Jina la Kanti halipo. Yu hai? Niambie hilo tu.

Mimi shoga yako wa dawati moja,
Jokha

—

Rayners Lane
19 Machi 2024

Wifi yangu wa hewani,

Hujambo? Mimi mzima. Magoti yananiuma, lakini nayavumilia kuliko nilivyowahi kukuvumilia wewe. Pole ya macho, ingawa sina hakika kama naitoa moyoni.

Lo! Miaka hamsini, na bado ukipita mbele ya dirisha unajiona wewe!

Kanti amekufa. Mapafu, Februari ya mwaka ishirini na moja. Tulikuwa watu sita tu siku ya kumchoma. Umeuliza, umejibiwa.

Na ndiyo, ni wewe. Kila taa ni wewe. Alipostaafu kazi aligeuza chumba changu cha kulia chakula kuwa karakana. Sisi tusiokula nyama, nyumba ambayo halijawahi kuingia hata yai, yeye ananilowekea ngozi za mbuzi kwenye ndoo ya kufulia! Alichora yeye, akakata umbo, mikono na kasuku. Matundu yalikuwa kazi yangu. Mkufu wako, bangili zako, maua ya nguo yako, miaka kumi na minne, tundu moja moja kwa patasi ndogo na nyundo. Nilikuwa nakuvalisha dhahabu, bibi wee, mimi ambaye sikuvalishwa na mtu.

Siku ya tatu ya msiba nikachukua wembe. Taa zote zilizokuwa stoo nimezikata pua. Wazungu wanadhani ni jini la hadithi za kale, wanazigombania. Zinauzika kuliko alipokuwa hai.

Wifi ambaye hukumpata,
Pramila

—

Edgware Road
25 Machi 2024

Pramila,

Natumaini magoti yametulia. Nimelia siku tatu, binti yangu akadhani ni yale matone ya hospitali.

Hivi ngozi ile nani alimfundisha? Si mimi? Kuiloweka, kuipaka majivu, kuiwamba kwenye fremu, kuikwangua kwa kigae cha chupa mpaka uone kiganja chako upande wa pili. Uani kwa baba yangu. Nawe ulikuwa umekaa juu ya kinu unakula ubuyu na kutulindia mlango.

Sikuletei ugomvi. Naomba taa moja nzima, kama imebaki. Daktari amesema jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia litanifikisha Septemba. Niliolewa, nikazaa, nikamzika mume mwema, lakini miaka yote hiyo nimejua kwamba Kanti alipanda ndege akanisahau. Hakuniandikia hata mstari. Sasa unaniambia alinichora miaka kumi na minne. Nataka kuuona uso wangu kama alivyouona yeye, ningali naona. Basi, sina jingine.

Shoga yako,
Jokha

—

Rayners Lane
30 Juni 2024

Wifi yangu,

U hali gani? Huku jua limetoka, majirani wote wako nyuma ya nyumba wanachoma mahindi na kuyapaka ndimu na pilipili, utadhani wako Tanga. Najua umengoja miezi mitatu. Mimi nilikuwa na shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa kukungojesha.

Hakukuandikia? Aliandika. Tulipofika hapa mwaka sabini na tatu aliandika barua kumi na moja, akanipa mimi nizitie posta kwa sababu yeye alikuwa kazini. Nilizitumia kuwashia jiko la chai. Zako pia, ulizotuma kwa anwani uliyopewa na jamaa zetu waliobaki Tanga, nilikuwa namwahi mpeleka barua mlangoni. Yeye akadhani umeolewa, wewe ukadhani amekusahau, mkapoa wote wawili.

Utauliza kwa nini. Siku ile baba alipoikuta barua yako kwa Kanti ndani ya daftari langu, wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenu unakula. Alinilaza kiganja juu ya meza ya dukani, akanipiga kwa yadi yake ya mti, ile ya kupimia vitambaa, mbele ya wateja, mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikavunjika. Kiliunga kombo, mpaka leo kinatazama juu. Walikuja wachumba watatu. Wakaona kidole, wakauliza kisa chake, wakaenda zao. Kaka yangu alilia sana wakati ule, lakini alikulilia wewe. Mimi hakuniuliza hata kama kinauma.

Taa nzima ipo moja. Ndiyo aliyokuwa akiichora alipougua. Ina pua yako yote, na mahali pa macho ni patupu, maana kwa mafundi wa kwetu jicho huchorwa mwisho kabisa. Nitakuletea. Lini, sijasema.

Wifi yako,
Pramila

—

Edgware Road
5 Julai 2024

Pramila, shoga yangu,

Mimi si mzima sana, wewe nakuombea uzima. Kidole chako sikukijua. Wallahi sikukijua, mliondoka Tanga bila kuaga. Nisamehe. Zile barua nimekusamehe kabla hujaomba.

Unaona herufi zangu zilivyo kubwa? Ndogo sizioni tena. Kama kuileta ni taabu, nitapanda treni na binti yangu tuje hadi kwako. Nitasimama mlangoni, sitaingia. Niitazame dakika moja, niondoke. Septemba si mbali. Nakuomba kwa ule ubuyu tuliokula pamoja.

Jokha wako

—

Rayners Lane
28 Oktoba 2024

Wifi yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, hata magoti yamepoa. Boksi hili lina taa yako. Nimelifunga kwa mablanketi, haitaumia.

Nilihesabu miezi kwa vidole, pamoja na kile kibovu. Septemba ilipokwisha nikaingojea na Oktoba, nisije nikakosea. Nilitaka uwe nayo. Sikutaka uione.

Pua sijaigusa. Macho nimeyachora mimi, kwa brashi yake mwenyewe. Nimeyachora yamefumbwa, mfanane.

Ndiyo ya mwisho. Nyingine zote zimeuzwa, michoro yake nimeitupa, patasi na rangi nimempa jirani yangu Gurpreet, wajukuu wake wachezee. Nyumbani kwangu huna hata alama sasa, na chumba cha kulia nimekipaka rangi mpya. Washa taa yako, walau joto lake utalisikia.

Wifi yako,
Pramila

—

Edgware Road
9 Novemba 2024

Wifi yangu Pramila,

Nakusalimu. Mwandiko ni wa binti yangu, maneno ni yangu, na nimemwapisha asipunguze hata moja. Macho yalikwenda mwisho wa Septemba. Ulihesabu sawasawa, hongera.

Taa imefika. Siku ya kwanza niligusa pua tu, nikalia. Siku ya pili nikaipapasa yote, kama nilivyokuwa nikiipapasa ngozi uani kwa baba nikitafuta palipo nene. Nikafika kwenye mkono ulioshika kasuku. Nikarudia. Nikamwita binti yangu atazame, isije ikawa nimeanza kuchanganyikiwa. Akasema, kweli mama.

Mkono wa kulia. Kidole cha mwisho kimevunjika, kimeunga kombo, kinatazama juu.

Vidole vyangu mimi vimenyooka, unavijua. Uso ni wangu, lakini mkono ni wako, Pramila. Nikamtuma binti yangu kwenye lile duka la mapambo, ambako ile ya dirishani bado ipo. Mkono ule ule, kidole kile kile. Miaka kumi na minne alikuchora pamoja nami, wewe umekaa mbele yake unatoboa mkufu, na siku zote hizo hukuona kitu ila pua yangu. Ulipozikata zile taa kwa wembe, mkono wako mwenyewe ulikuwa hapo chini, umeshika kasuku. Unasema hakukuuliza kama kinauma. Labda alikuwa akikuuliza kila siku. Labda alikuwa akikuomba radhi, akingoja useme umeona. Mimi sijui, wewe ndiye uliyeishi naye. Mwenyewe umemchoma, michoro umeitupa, na zilizouzwa hujui ziko kwa nani.

Nilifikiri nikurudishie taa nzima. Zamani ningefanya hivyo, tena ningekuja nayo mwenyewe tukalie pamoja. Sasa sina moyo huo, na uliouchosha ni wewe.

Nimeomba mkasi wa jikoni. Binti yangu alinikataza, nikamwambia atoke nje. Nimekata mwenyewe kwa kupapasa, nimejijeruhi dole gumba, damu utaiona. Uso wangu nimebaki nao, na macho yake uliyoyafumba. Binti yangu anasema taa ikiwaka, pale palipokatwa panatoa mwanga mkali unaomuumiza. Mimi hainisumbui.

Usiniandikie tena, nimemwambia asinisomee. Mkono wako umo humu ndani ya bahasha.

Wifi yako,
Jokha