Siku Mama Kiran Alipomwosha Wambui Miguu

Mpendwa Njeri,

Huku Ruiru tuko salama. Goti la babu yako limepata nafuu, na binamu yako amejifungua msichana. Umeniuliza utamwambia nini mtu aliyevamiwa.

Miaka ya tisini nilisimamia wamama wa kujitolea katika kituo cha polisi Thika. Kazi yetu ilikuwa kukaa na watu waliotendewa uhalifu. Asubuhi moja aliletwa Wambui, muuza mboga wa mtaa wa Kiandutu, aliyepigwa na majambazi. Hakutaka kuongea na askari wala na mimi, hata askari akatoka. Aliyekuwa zamu ni Mama Kiran, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kikuyu hakujua, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

Mama Kiran hakusema kitu. Alileta maji kwa karai, akapiga magoti sakafuni na sari yake, akamwosha Wambui miguu iliyojaa matope. Hapo ndipo Wambui alipolia. Askari aliporudi, Wambui alimshika Mama Kiran mkono.

"Nitasema yote," akamwambia askari, "lakini huyu asitoke."

Alieleza kwa Kikuyu mpaka mwisho, na kwa maelezo hayo majambazi walishikwa baadaye. Mama Kiran hakuelewa hata neno moja, wala hakuuachilia ule mkono. Mimi nilibaki mlangoni, machozi yakinitoka, naogopa hata kukohoa.

Nakupenda sana,
Nyanya yako, Cucu